Bibi Dekha Ibrahim Abdi, Mpatanishi wa Wajir

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia wanadamu kuwa makabila mengi na lugha nyingi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye kabla ya kupewa utume alikwisha julikana kwa watu wa Makka kuwa mwaminifu na msuluhishi.

Historia ya Waislamu wa Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi kwa majina ya wanaume: masheikh, makadhi, wafanya biashara na viongozi wa vyama. Majina ya wanawake ni machache. Sababu yake si kwamba wanawake hawakufanya kazi, bali kazi yao ilifanyika sokoni, visimani na majumbani, mahali ambapo mwenye kalamu hafiki mara nyingi. Kwa hiyo katika kitabu hiki cha ukumbusho yafaa pawekwe habari za mwanamke mmoja Mwislamu, ambaye alianza kazi yake sokoni, na kazi hiyo ikamfikisha mbele ya wakuu wa dunia. Naye ni marehemu Bibi Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, nchini Kenya.

Huenda mtu akauliza: Wajir ni mbali, yahusu nini na watu wa Misiera na Mbarara? Jawabu ni jepesi. Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, yakapokea kwanza wakimbizi waliotoka Rwanda. Hivi leo wanakaa humo watu zaidi ya laki moja na nusu, waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Wengi wao walikimbia vita vya jirani na jirani. Mtu aliyekimbia vita vya namna hiyo anajua kwamba risasi ya kwanza hutanguliwa na neno baya, na neno baya hutanguliwa na dhana mbaya. Bibi Dekha alitumia umri wake kuizuia dhana isiwe neno, na neno lisiwe risasi.

Nchi aliyozaliwa

Bibi Dekha alizaliwa Wajir mwaka 1964. Wajir ni nchi kavu ya wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, na wakazi wake wengi ni Wasomali Waislamu wa koo mbalimbali, wakubwa kati yao wakiwa Degodia, Ajuran na Ogaden. Mwaka ule aliozaliwa, nchi ile ilikuwa tayari katika matatizo. Waingereza walipokuwa wakijitayarisha kuondoka Kenya, tume iliyotumwa mwaka 1962 kuuliza rai za watu wa wilaya za kaskazini iliona kwamba Wasomali walio wengi walitaka kuungana na Somalia. Jambo hilo halikukubaliwa. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha serikali ikatangaza hali ya hatari katika mkoa ule. Vikafuata vita vilivyoitwa vita vya shifta. Mwaka 1966 watu wengi waliokuwa wakihama na mifugo yao walikusanywa wakae katika vijiji vilivyolindwa na askari. Mwaka 1967 serikali za Kenya na Somalia zilipatana huko Arusha na vita vikatulia, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea mpaka mwaka 1991. Hivyo basi, mtoto aliyezaliwa Wajir mwaka 1964 alitimiza miaka ishirini na saba kabla hajaonja sheria ile ile iliyotumika Nairobi au Kisumu.

Bibi Dekha alipokuwa na miaka ishirini, lilitokea jambo ambalo watu wa Wajir hawatalisahau. Tarehe 10 Februari 1984 askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji. Wakawekwa pale juani siku kadhaa bila ya chakula wala maji, na wengi wakauawa. Kwanza serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ikakubali kuwa walifika 380. Baadaye Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 2013, ilikadiria kuwa walikaribia elfu moja, na wako waliookoka wanaosema kuwa walizidi sana hapo. Wajane na mayatima wakaachwa bila ya jawabu kwa miaka mingi. Habari hii yafaa ikumbukwe, kwa kuwa aliyekulia katika nchi kama ile hakuweza kuihubiri amani kana kwamba ni kunyamaza tu. Alijua kuwa kuna kimya cha mtu aliyeridhika, na kuna kimya cha mtu aliyezibwa mdomo.

Usiku wa risasi

Mwaka 1991 dola ya Somalia ilianguka. Wakimbizi wakavuka mpaka kwa wingi, na silaha zikavuka pamoja nao. Wakati huo huo ukame mkali uliua mifugo, na visima na malisho vikawa haba. Kisha ukaja uchaguzi wa mwaka 1992, wa kwanza wa vyama vingi baada ya muda mrefu, na koo zikagombania kiti cha bunge kama zilivyogombania kisima. Ajuran na Degodia wakapigana, na Ogaden pia wakaingia katika ugomvi. Watu wakauawa, mifugo ikaporwa, walimu na waganga waliotoka sehemu nyingine za Kenya wakaanza kukimbia.

Usiku mmoja katikati ya mwaka 1993 risasi zililia karibu na nyumba ya Bibi Dekha. Akamchukua mtoto wake wa kwanza, wakaingia chini ya kitanda, wakakaa hapo saa nyingi huku risasi zikipita chumbani. Kulipokucha, mama yake mzazi akamkumbusha kuwa yeye naye, mwaka 1966, alijificha chini ya kitanda namna ile ile, na mtoto aliyekuwa kifuani mwake ni huyu huyu Dekha. Bibi, binti na mjukuu: watu wa vizazi vitatu wamelala chini ya kitanda kimoja cha hofu. Hapo Bibi Dekha aliona kwamba kama hakuna atakayesimama, mjukuu naye atakuja mficha mtoto wake mahali pale pale.

Kazi ilianzia sokoni

Bibi Dekha hakuwa peke yake, wala hakupenda kusifiwa kana kwamba alikuwa peke yake. Walikutana wanawake wachache, wasiozidi kumi na wawili, wa koo zilizokuwa zikipigana. Hawakuwa na fedha, hawakuwa na cheo, wala hawakuwa na ruhusa ya mtu. Kabla ya kuanza waliulizana swali zito: kama watu wa ukoo wangu wakiwaua jamaa zako, je, utaendelea kufanya kazi pamoja nami? Asiyeweza kuitikia ndiyo, basi asiingie. Swali hilo ndilo lililokuwa msingi wa nyumba yao. Vyama vingi huvunjika kwa sababu watu hukusanyika wakati wa furaha wakaahidiana mambo makubwa, na hawaulizani watafanya nini siku ya msiba. Wanawake wale walianza na siku ya msiba.

Jambo la kwanza walilolitazama ni soko. Wakati ule mwanamke wa ukoo mmoja hakuweza kuuza maziwa yake wala kununua chakula mahali ambapo wa ukoo mwingine walikuwa na nguvu. Njaa ikaingia katika nyumba za pande zote. Basi wakaafikiana kwamba soko liwe mahali pa amani, na kila mwanamke awe huru kuuza na kununua, wa ukoo wowote na wa kabila lolote. Wakaweka wanawake wa kuangalia. Akitukanwa mtu, au akizuiwa, au akidhulumiwa katika mizani, habari zilipelekwa mara moja kwa kamati ya wanawake, na jambo likamalizwa siku ile ile, kabla halijafika kwa vijana wenye bunduki. Soko likatulia, na watu wakaona kwa macho yao kuwa amani yawezekana.

Hapana shaka walikuwako waliosema kuwa mambo ya vita na suluhu si ya wanawake. Maneno hayo husikika mpaka leo, hata Nakivale. Lakini mwenye kuisoma Sira ya Mtume anakumbuka siku ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Mapatano yalipokwisha andikwa, Masahaba wengi walikuwa na huzuni, na Mtume alipowaamrisha wachinje na kunyoa hawakuinuka. Akaingia hemani kwa mkewe, Bibi Ummu Salama, akamweleza. Bibi Ummu Salama akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyolewe kichwa chake. Mtume akafanya hivyo, na watu wote wakainuka wakamfuata. Ikiwa Mtume mwenyewe alipokea shauri la mwanamke katika siku ngumu ya suluhu, ni nani baada yake atakayeona haya kulipokea?

Wazee, vijana na serikali

Wanawake wa Wajir walikuwa na hekima ya kujua mpaka wa uwezo wao. Katika desturi za Wasomali, mapatano ya koo hufanywa na wazee. Basi hawakutaka kukaa mahali pa wazee, bali waliwaendea wazee. Na hawakuanza na wazee wa koo zilizopigana. Walitafuta wazee wa koo ndogo ambazo hazikuwamo vitani, wakawaomba waite mkutano. Siku ya mkutano mzee wa ukoo mdogo kuliko zote ndiye aliyefungua maneno, akawauliza wakubwa wanapigania nini, na ni nani anayefaidika, hali jamaa zao zinateketea. Neno lile lilitoka kwa mtu asiye na jeshi wala tamaa ya kiti, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumtuhumu. Matokeo yake ni mapatano yajulikanayo kwa jina la Azimio la Al-Fatah, la tarehe 29 Septemba 1993, ambayo yaliweka masharti ya kukomesha mapigano na wizi wa mifugo.

Mapatano ya karatasi hayatoshi, na Bibi Dekha alilijua hilo. Vijana waliokuwa porini na silaha walifuatwa huko huko wakazungumzwa nao, na wafanya biashara wakaombwa wasaidie ili kijana akiweka bunduki chini apate riziki ya halali. Masheikh na viongozi wa dini wakaombwa waseme misikitini. Ugomvi ulipotokea mahali, kikundi cha wazee, wanawake na watu wa serikali kilipanda gari kikaenda upesi kabla kisasi hakijapangwa. Mwaka 1995 mambo hayo yote yalikusanywa yakawa kamati moja ya amani na maendeleo ya Wajir, ikaingizwa katika Kamati ya Maendeleo ya Wilaya, chini ya Mkuu wa Wilaya. Serikali ambayo watu wa Wajir waliiogopa tangu Wagalla ikawa imekaa meza moja na wauza maziwa.

Haikuwa kwamba shida zimekwisha. Mwezi wa Oktoba 1998, huko Bagalla, washambulizi waliwaua watu wa Degodia zaidi ya mia moja, wake kwa waume na watoto. Kadhalika mjini Wajir ilipozuka mivutano kati ya Waislamu na Wakristo, ambao ni wachache huko, Bibi Dekha alikuwa miongoni mwa waliowakutanisha wanawake wa dini zote mbili ili wasaidiane na wasiache fitina ipate mlango. Yeye alikua katika mtaa wa watu wa makabila na dini mbalimbali, na hakuona kuwa kumlinda jirani Mkristo kunapunguza Uislamu wake, bali aliona kuwa ni haki ya jirani.

Kutoka Wajir hadi nchi za mbali

Habari za Wajir zilienea. Bibi Dekha alikuwa miongoni mwa waasisi wa muungano wa watetezi wa amani wa Afrika, akafanya kazi ya kufundisha katika taasisi moja ya mjini Birmingham, Uingereza, na akawa mmoja wa waandishi sita wa kitabu cha mafunzo ya kutatua migogoro kilichotoka mwaka 2000. Alialikwa kufundisha na kushauri katika nchi nyingi, zikiwamo Kambodia, Jordan, Afrika ya Kusini, Zimbabwe na hapa Uganda. Mwanamke aliyeanza kwa kusuluhisha ugomvi wa mizani sokoni alikuwa sasa akiwafundisha mabalozi na majemadari. Lakini somo lake lilikuwa lile lile: mtu aanze kwa kuihesabu nafsi yake, aitazame chuki iliyomo ndani, ndipo aende kwa mwenzake. Hili alilichukua katika dini yake, wala hakulificha mbele ya wasio Waislamu.

Mwezi wa Desemba 2007 alipewa huko Sweden tuzo ya Right Livelihood, ambayo hupewa watu waliotenda mema makubwa kwa wanadamu. Mwaka 2009 alipata pia tuzo ya amani ya jimbo la Hessen, Ujerumani. Watu wengi wakipata heshima kama hiyo hupumzika. Yeye hakupata hata mwezi mmoja wa kupumzika. Tarehe 27 Desemba 2007 Kenya ilifanya uchaguzi, na matokeo yalipotangazwa tarehe 30 nchi ikawaka moto. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Wako waliokimbia wakaingia Uganda.

Mwaka haujaisha bado, Bibi Dekha alikutana mjini Nairobi na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Daniel Opande, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na Bwana George Wachira. Mwislamu mmoja mwanamke na Wakristo wanne wanaume. Wa makabila mbalimbali. Raia na wanajeshi. Wakafungua mkutano wa kila asubuhi ambao mtu yeyote aliweza kuja kusema ameona nini na nini kifanywe. Habari zikakusanywa kutoka mitaani na vijijini kama zilivyokusanywa zamani katika soko la Wajir, na tarehe 9 Januari 2008 wakatoa mapendekezo ya wananchi juu ya njia ya kuirudisha nchi katika amani. Wapatanishi wakubwa walioongozwa na Kofi Annan walipofika, walikuta wananchi wamekwisha lima shamba. Viongozi wawili waliokuwa wakigombana walitia saini mapatano tarehe 28 Februari 2008. Baadaye kamati za amani za namna ile iliyoanzia Wajir ziliwekwa katika sehemu nyingine za Kenya. Hivyo mkoa uliodharauliwa kwa miaka thelathini ukawa mwalimu wa taifa zima.

Mwisho wake

Tarehe 7 Julai 2011 Bibi Dekha alikuwa safarini kuelekea Garissa kwa mkutano wa amani. Gari lao likapata ajali. Mume wake na dereva walifariki, na yeye akalazwa hospitali mjini Nairobi, akafariki tarehe 14 Julai 2011. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na saba. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiuun. Walimlilia Waislamu na Wakristo, wafugaji na mabalozi. Mauti yalimkuta njiani, katika kazi ile ile aliyoianza.

Mafunzo kwa watu wa Nakivale na Mbarara

Katika maisha haya yako mafunzo mengi. Matatu yatosha kutajwa.

Kwanza, amani huanza mahali pa haja ya kila siku. Katika Nakivale mahali hapo ni bomba la maji, foleni ya chakula, mpaka wa shamba na meza ya soko. Magomvi ya ardhi kati ya wakimbizi na wenyeji wa Isingiro yamewahi kutokea, na kila mara yalianza na jambo dogo. Yafaa wawepo watu, na hasa akina mama, wa kulimaliza jambo dogo siku ile ile.

Pili, amani bila ya haki haidumu. Wajane wa Wagalla walikaa kimya miaka mingi, lakini kimya chao hakikuwa amani. Mtu aliyedhulumiwa asiambiwe asamehe kabla hajasikilizwa. Asikilizwe kwanza, haki yake ijulikane, ndipo msamaha uwe na thamani. Dini yetu imeamrisha kuwapatanisha wanaopigana, na imeamrisha katika kupatanisha kuwe na uadilifu. Mambo hayo mawili hayatenganishwi.

Tatu, ni lile swali la wanawake wa Wajir. Katika msikiti mmoja wa Nakivale huweza kusimama katika safu moja Msomali, Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Mganda. Bega la mmoja hugusa bega la mwenziwe. Lakini siku zikija habari mbaya kutoka nyumbani, kwamba watu wa huyu wamewaua watu wa yule, je, safu ile itabaki? Swali hili si la kujibiwa siku ya habari mbaya, kwa kuwa siku hiyo hasira ndiyo itakayojibu. Ni la kujibiwa leo, watu wakiwa na utulivu, kama walivyolijibu wanawake wasiozidi kumi na wawili katika mji wa jua kali, wasiokuwa na fedha wala cheo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Dekha Ibrahim Abdi, aipanue kaburi yake, awarehemu waliofariki pamoja naye na wote waliouawa kwa dhulma, na awajaalie watu wa Misiera, Nakivale na Mbarara kuwa wapatanishi. Amin.